KIBANDA CHA ARUSI: PIMA KWANZA, PAMBA BAADAYE

Wahenga walinena kuwa uzuri wa mkakasi, ukipata maji basi. Mkakasi ni kikopo cha mti kilichopakwa rangi na kutiwa nakshi za kupendeza macho. Kikilowa, rangi hutoka na urembo wote ukaishia hapo hapo. Naam, wenzangu, sijaona mahali methali hii inapofaa zaidi ya kwenye vile vibanda vya arusi vinavyosimamishwa bustanini. Asubuhi kibanda kinameremeta kama nyota ya jaha. Saa tisa mvua inapiga, vitambaa vinakunywa maji na kulegea, maua yanaanguka matopeni, na bibi arusi aliyepambwa tangu alfajiri anakimbilia garini. Pesa za kamati zimekwenda na maji.

Kibanda ninachokizungumzia si kile cha kuuzia nyanya na sukuma wiki, la hasha! Ni kile ambacho siku hizi wengi hukiita gazebo: paa lililobebwa na nguzo chache, pande zote wazi, kikasimama peke yake katikati ya bustani. Waliofika City Park jijini Nairobi wamekiona cha aina hiyo, kile cha wapiga bendi. Bustani ya Forodhani kule Unguja nayo ina chake. Kibanda kama hicho hufungiwa ndoa mchana, na jioni watu wakakaa humo kupunga upepo na kupiga gumzo. Neno langu katika makala haya ni moja tu: pima kwanza, pamba baadaye. Anayeanza na rangi za vitambaa huishia na majuto.

KIBANDA NI CHA NANI?

Hebu tuanze na swali ambalo kamati nyingi za arusi hazijiulizi. Je, kibanda ni cha nani? Wengi watajibu, "Si ni cha wageni!" Sivyo. Hata kibanda kikubwa hakiwezi kuwameza wageni mia tatu. Kibanda ni jukwaa. Ndani yake watakuwa bwana na bibi arusi, yule anayefungisha ndoa, mashahidi wawili, pengine wazazi wa pande zote mbili, na watoto wanne wa kubeba maua. Hao ni watu kumi na watatu. Wageni wengine wote wako nje, chini ya mahema au chini ya miti, na kazi yao ni kuona na kusikia.

Kwa hivyo kibanda kizuri ni kile ambacho nyanya aliyesafiri kutoka mashambani, akakaa kwenye kiti cha mstari wa mwisho, atawaona wajukuu zake wakivalishana pete. Akiona migongo ya wapiga picha na mapazia peke yake, basi hata kibanda kikipambwa kwa dhahabu hakina maana. Mambo mengine yote nitakayoyataja yanatoka kwenye shina hilo.

Mila na dini nazo ziulizwe mapema. Kanisa Katoliki kwa kawaida hutaka ndoa ifungwe kanisani, na mahali pengine ni kwa idhini, kwa hivyo kwa familia nyingi kibanda kitakuwa cha karamu tu. Huko Pwani, nikahi huweza kufungwa msikitini, halafu sherehe ya kumwonyesha bibi arusi aliyepambwa ikawa ya wanawake pekee. Hapo uwanja wenyewe ndio huzungushiwa pazia, na kibanda kikabaki wazi katikati ili akina mama wote wamwone mwari wao.

MAHALI NA SAA

Jua letu halina mchezo. Arusi nyingi huanza asubuhi, lakini wewe mwenyewe wajua jinsi saa nne ya kadi inavyogeuka kuwa saa tisa ya kweli! Ifikapo saa kumi alasiri jua limeshuka magharibi na linawapiga watu usoni. Ukiwakalisha wageni wakitazama magharibi, watakodoa macho bila kuona kitu. Ukiwakalisha wakitazama mashariki, wao watastarehe, lakini maarusi ndio watakaokunja nyuso katika kila picha.

Dawa yake ni kupanga viti ili wageni watazame kaskazini au kusini. Jua litakuja kwa ubavu, nalo ubavu mmoja ni rahisi kuuzuia kwa pazia. Hapa jiografia inatusaidia. Mwezi wa Desemba jua hutua kusini kidogo ya magharibi, kwa hivyo wageni wanaotazama kaskazini huwa wamelipa mgongo. Mwezi wa Juni mambo hugeuka: jua hutua kaskazini kidogo ya magharibi, na wanaotazama kusini ndio wenye nafuu.

Baada ya jua kuna mvua. Masika huanza Machi hadi Mei na vuli Oktoba hadi Desemba, ingawa siku hizi mvua haifuati kalenda. Watu wa Kericho na Kakamega watakwambia kuwa kwao mvua hupenda kunyesha alasiri, mara nyingine na mawe yake. Huko, arusi ya saa tatu asubuhi ina akili kuliko ya saa tisa. Popote ulipo, kibanda kisijengwe bondeni mahali maji yanapokusanyika. Tafuta mwinuko mdogo, kisha chimba mtaro mwembamba wa kupitisha maji kukizunguka.

Na upepo je? Pwani upepo wa kaskazi huvuma kuanzia Desemba hivi hadi Machi, na wa kusi huchukua nafasi yake katikati ya mwaka. Ukiweza, kiweke kibanda upande ule upepo unakotoka na wageni upande unakokwenda. Upepo utawapelekea sauti ya maarusi bila hata kipaza sauti kupiga makelele.

KAMBA, VIGINGI NA HESABU

Kuna wenzetu wanaolalamika kuwa hesabu za darasani hazina faida. Hebu na waje uwanjani. Kibanda kinachopendeza zaidi ni cha pembe sita, kwa kuwa hakina mgongo: kila upande ni mbele. Na kukichora ardhini hakuhitaji mashine yoyote.

Chukua kamba ya mita 3. Pigilia kigingi katikati, funga kamba, halafu zunguka nayo ukichora duara. Sasa ondoa kamba kwenye kigingi cha katikati. Anza mahali popote juu ya duara, unyooshe kamba mpaka iguse duara tena, upigilie kigingi, kisha uendelee hivyo hivyo. Kamba itaingia mara sita barabara, na ya sita itarudi pale ulipoanzia! Hii ni kwa sababu katika pembesita iliyo sawa, urefu wa kila upande ni sawa na umbali wa kutoka kitovuni hadi pembeni. Vigingi hivyo sita ndipo zitakaposimama nguzo sita. Eneo la sakafu ni mita 23.4 za mraba hivi. Wale watu wetu kumi na watatu watatosha, pamoja na meza ya kutilia sahihi, bila kukanyaga nguo ya bibi arusi.

Sakafu iinuliwe sentimita 45 kutoka ardhini. Hizo ni ngazi tatu za sentimita 15 kila moja. Mtu aliyeketi mbali ataona vizuri, na maji ya mvua hayataingia. Lakini usisahau mzee anayetembea kwa mkongojo na mgeni wa kiti cha magurudumu. Katiba yetu ya mwaka 2010, kifungu cha 54, inampa mtu mwenye ulemavu haki ya kufika mahali pote kwa njia inayofaa, na arusini ni mahali pia! Weka njia ya mteremko upande mmoja. Kipimo kinachokubalika ni kwamba kwa kila sentimita moja ya kupanda, njia iende sentimita 12. Kwa hivyo sentimita 45 zataka njia ya mita 5.4. Wengi huweka ubao wa mita mbili tu, na kiti cha magurudumu kikateleza kurudi nyuma.

Nguzo ziwe na mita 2.7 juu ya sakafu. Ongeza sentimita 45 za sakafu na sentimita 60 za kufukia ardhini: jumla ni mita 3.75, kwa hivyo nunua miti ya mita 4. Mikaratusi iliyotiwa dawa ya mchwa hufaa sana. Boriti za mikoko ni imara pia, lakini mikoko haikatwi ovyo. Ni mazalio ya samaki na ngao ya ufuo, na kuikata kwahitaji kibali. Mashimo yajazwe zege: sehemu moja ya saruji, mbili za mchanga na nne za kokoto. Acha zege ipande juu ya udongo kidogo na iteremke pande zote, maji yasituame kwenye shina la nguzo. Nguzo huoza pale udongo unapokutana na hewa.

PAA NDILO LIBEBALO ARUSI

Paa la makuti lina ubaridi mtamu na sura ya kwetu, ndiyo maana hata hoteli za kifahari za Pwani huliezeka. Lakini makuti yana sharti lake: mteremko uwe mkali, si chini ya nyuzi 45 hivi. Paa likilala, maji yatanywewa badala ya kuteleza, na makuti yataoza upesi.

Watu hushangaa paa linapomaliza pesa. Hapa pia hesabu inatufumbua macho. Tuseme paa linatokeza nje ya nguzo, kutoka kitovu hadi pembe likawa na mita 3.6. Umbali wa kutoka kitovu hadi katikati ya ukingo ni mita 3.12 hivi. Kwa mteremko wa nyuzi 45, kimo cha paa ni mita 3.12 hizo hizo, na kwa kanuni ya Pythagoras, urefu wa mteremko ni mita 4.41. Kila pembetatu ya paa basi ina mita 7.94 za mraba, na zote sita zina mita 47.6. Tazameni! Paa ni zaidi ya mara mbili ya sakafu. Fundi akikupigia hesabu ya makuti kwa kutazama sakafu peke yake, mshukuru kwa heshima umtafute mwingine.

Penye baridi na mahali ambapo minazi ni hadithi, nyasi ndefu au mabati yaliyopakwa rangi yatafanya kazi hiyo. Mabati hayahitaji mteremko mkali hivyo, ila mvua ikinyesha hakuna atakayesikia kiapo cha ndoa. Kila kitu na kasoro yake.

SASA TUPAMBE

Nguzo zimesimama na paa limeezekwa. Sasa ndio wakati wa akina dada na akina kaka wenye mikono ya sanaa. Kanuni yangu ya kupamba ni hii: pamba kichwa na miguu, uache kifua wazi. Kichwa ni ukingo wa paa na sehemu ya juu ya nguzo. Miguu ni ngazi na sakafu. Kifua ni ile nafasi iliyo kati, kuanzia kiunoni mwa mtu aliyesimama hadi juu ya kichwa chake. Hapo pasiwekwe pazia, puto wala shada kubwa, kwani ndipo macho ya wageni yanapopita.

Kitambaa cha kuning'iniza baina ya nguzo mbili, kikilegea kidogo na kubaki cha kufunga mafundo, chahitaji mita 4. Upande mmoja ni wa kuingilia, kwa hivyo imebaki mitano: jumla ni mita 20. Nimeona arusi ambapo kitambaa kilitandazwa juu ya paa kama shuka. Mvua ndogo tu, kikafanya tumbo la maji, na tumbo hilo likapasukia kwenye keki. Kitambaa kining'inie chini ya ukingo wa paa, kisiwe juu yake, na ncha zake zifungwe ili upepo usikigeuze tanga.

Lakini kwa nini tununue kitambaa ambacho kesho hakina kazi? Sisi tuna leso. Leso moja ina urefu wa mita moja na nusu hivi, kwa hivyo leso mbili, yaani doti moja, huenea upande mmoja wa kibanda chetu barabara. Doti tano zatosha pande tano. Zikunje katikati kwa upana ili zisishuke sana, nazo zitaishia juu ya vichwa vya watu. Arusi ikiisha, akina mama, mashangazi na nyanya wagawiwe leso hizo kama kumbukumbu. Pambo limekuwa zawadi! Mtaa wa Biashara jijini Mombasa umejaa leso za kila rangi. Ila nawaomba wanachama wenzangu wa Kiswahili: someni jina la leso kabla ya kuitundika. Kuna leso za kuombea heri na kuna leso za kurushiana vijembe. Msije mkatundika fumbo la mke mwenza mbele ya mama mkwe.

Maua yawe ya mwisho kuingia. Yakatwe alfajiri, yasimame kwenye ndoo ya maji kivulini, na yafungwe saa mbili tu kabla ya sherehe. Nairobi wengi huyanunua City Market. Mawaridi hustahimili, lakini bogenvilia huangusha petali upesi ikishakatwa, heri uipande hai kando ya nguzo. Migomba miwili ikisimamishwa kwenye lango huleta heshima bila gharama. Pwani wana siri yao: asumini. Vikonyo vyake vikichumwa alasiri hufunguka jioni, na harufu yake hukutana na wageni gizani. Vikuba vya asumini na rehani vikifungwa kwenye nguzo, nani atatamani manukato ya chupa?

Kuhusu mapambo ya plastiki, tuwe waangalifu. Mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku nchini tangu Agosti 2017, na tangu Juni 2020 vyombo vya plastiki vya kutumia mara moja haviruhusiwi katika mbuga, misitu na fuo zinazohifadhiwa. Puto linaloachiliwa ufuoni humfikia kasa baharini, naye hulila akidhani ni chakula.

GIZA LIKIINGIA

Jijini Nairobi jua hutua kati ya saa kumi na mbili na robo na saa moja mwaka mzima. Giza letu haliingii polepole kama la nchi za mbali: ghafla bin vuu, usiku huo! Taa ziwe tayari mapema.

Zamani karabai moja ilitosha kijiji kizima. Leo tuna umeme, lakini na tuutumie kwa akili. Balbu ishirini za zamani za wati 60 hula wati 1,200, yaani ampea 5 kwa umeme wetu wa volti 240, na joto lake chini ya makuti ni la kuogopwa. Balbu ishirini za LED za wati 9, zenye mwanga unaokaribia huo, hula wati 180 tu, ambazo hazifiki hata ampea moja. Chagua mwanga wa manjano kuliko mweupe wa buluu, kwani huvuta wadudu wachache. Waya ulioviringishwa kwenye gurudumu lake ufunguliwe wote kabla ya kutumika, la sivyo hupata moto. Viungo vyake visilale kwenye nyasi zenye umande.

Mishumaa, fataki na sigara chini ya makuti ni mwiko. Makuti makavu yakishika moto hakuna muda wa kuulizana. Jiko la pilau liwe mbali, upande ule upepo unakokwenda, ili cheche zisirudi kwenye paa. Weka ndoo za maji na za mchanga mahali panapoonekana, na uwateue watu wawili ambao kazi yao usiku huo ni kuziangalia. Tahadhari kabla ya hatari. Jenereta ikae nje mbali na watu, moshi wake ni sumu. Na muziki uwe na kiasi: kanuni za kelele za mwaka 2009 zahitaji kibali kwa vipaza sauti, nao majirani wanataka kulala.

KESHO YAKE

Wengi huhesabu arusi kuwa imekwisha wageni wakienda. Mimi naona hapo ndipo kibanda kinapopimwa. Kama pesa nyingi zilikwenda kwenye maua na vitambaa, kesho yake pamebaki takataka na deni. Kama zilikwenda kwanza kwenye sakafu, nguzo, paa na taa, kesho yake kuna kibanda. Watoto watasomea humo, wazee watacheza bao, na mwaka ujao jirani ataomba kuozea binti yake hapo hapo. Kwa hivyo kamati inapogawa pesa, mpangilio uwe huo: paa na sakafu kwanza, taa pili, mapambo mwisho.

Hata sisi shuleni twaweza. Kamba ya mita 3, vigingi sita, miti michache na mikono yetu wenyewe, na tutakuwa na mahali pa kufanyia mijadala na ngonjera, na pa kuwatuzia washindi siku ya tuzo bila kukodi hema. Walimu wa Hisabati watupimie, wa Jiografia watuelekeze jua, na sisi wa Chama cha Kiswahili tutaleta leso zenye majina ya heri. Usione vyaelea, vimeundwa. Nani yuko tayari kushika ncha ya pili ya kamba?